Kupapasa Ruhusa, Kuchana Marufuku

Mama mkwe wangu ana wazimu mmoja tu. Ukimwondolea huo, ni mtu mwenye akili kuliko sisi wote humu ndani. Kila Jumamosi asubuhi anajifunga kitambaa kichwani, anachukua ule mfuko wake mkubwa wa mistari, anasimama mlangoni na kuniambia, "Haya mwanangu, twende tukawaone yatima." Mimi nasonya. Halafu navaa viatu na kumfuata, maana nikimwacha aende peke yake atarudi na mzigo wa kumshinda punda, na atadai hausikii uzito.

Yatima ni vifurushi. Watu wanakaa na simu zao wanaagiza vitu mtandaoni, vitu rahisi rahisi ambavyo kwenye picha vinameta na vikifika vinachubuka. Mzigo unavuka nusu ya dunia, unafika hapa mjini, mwenyewe hapatikani. Simu imezimwa, au amehama, au kasahau, au mumewe kajua. Kampuni inayosafirisha inavitunza ghalani mpaka inachoka navyo, halafu inayafuta majina kwa wino mweusi na kuviuza kwa kilo, vikiwa vimefungwa vilevile kama vilivyotoka huko vilikotoka. Unanunua usichokijua. Ukifika kwako ukafungua, ndipo unapojua kama umepata au umepatikana.

Anayesimamia mauzo pale ghalani tunamwita Mizani, kwa sababu haondoki ubavuni mwa mizani yake, hata chai anainywea hapohapo. Ana sheria moja, na anaipigia kelele tangu lango linapofunguliwa hadi linapofungwa: "Kupapasa ruhusa, kuchana marufuku!" Yaani bonyeza utakavyo, tikisa, nusa, weka sikioni kama unapenda. Lakini tochi ya simu hapana, na kidole kwenye tundu hapana. Ukichana hata kwa ukucha, huo mzigo ni wako, na usimletee uso wa huruma.

Sasa kwenye kupapasa ndipo mama mkwe wangu anapowatoa watu jasho.

Alikuwa mkunga. Kabla ya kustaafu alifanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali kubwa ya hapa mjini, tangu akiwa msichana mwembamba (hivyo ndivyo anavyosema yeye, picha hatujaiona) mpaka walipomuaga kwa keki na saa ya ukutani. Nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake. Tukitembea naye barabarani, wanaume wazima wenye ndevu zao wanaficha sigara nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba. Wewe siku ile ulichelewa kutoka, na hata leo naona umechelewa kazini."

Watu wanacheka, jamaa wa watu anatafuta pa kujificha. Hana dogo yule mama.

Basi mikono hiyohiyo ndiyo anayokwenda nayo ghalani. Wenzake wanainama kwenye marundo wanabonyezabonyeza kama watu wanaochagua parachichi. Yeye anageuza kreti, anakaa, anaweka kifurushi mapajani. Kwanza anasugua viganja mpaka vipate moto. Siku moja nilimwambia, "Mama, hiyo ni nailoni, haisikii baridi." Akanijibu bila kufumbua macho, "Lakini mimi nasikia." Halafu kiganja kimoja kinashika na kutuliza, na vidole vya mkono wa pili vinatembea taratibu, vinazama kidogo, vinasubiri, vinatembea tena. Ndipo anaposema. "Chaja. Waya umejizungusha vibaya, haitamaliza mwezi." "Kandambili. Zote za kushoto." "Nywele za bandia, na hazina aibu hata kidogo." Tukifika nyumbani tukafungua, ni chaja, ni kandambili za kushoto, ni nywele za zambarau zinazong'aa. Hiyo rangi aliijuaje kwa vidole? Usiniulize mimi.

Tunafungulia sebuleni, sakafuni, mlango ukiwa wazi. Mimi ni fundi cherehani na mashine yangu iko hapohapo dirishani, kwa hiyo mkasi ni wangu na kazi ya kuchana ni yangu. Yeye ananyoosha miguu na kutangaza kabla sijakata. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Siku akiwepo anajilaza kwenye kochi na kutoa maoni ambayo hakuna aliyemwomba. Siku tuliyopata kapeti nilidhani atakata roho kwa kicheko. Lilikuwa na maua, lina nyuzi za kuning'inia pembeni, kapeti la kupendeza kabisa, na ukubwa wake ni wa sahani. Mtu aliagiza kapeti la sebule!

"Labda sebule ya panya," akasema mume wangu.

Mama mkwe akaliweka chini ya birika, na liko hapo hadi leo. Vitu vinavyofaa naviweka kwenye meza yangu ya nje, na wateja wa nguo wanavichukua. Visivyofaa anavigawa yeye, na ole wako ukatae. Jirani yetu wa ukuta mmoja ana vikamulio vya limau vya kila rangi, na limau lenyewe hali, linamchoma tumbo. Anavipokea, anasema asante, anafunga mlango.

Niliwahi kumuuliza, "Mama, hivi unapata raha gani kwenye takataka hizi?"

Alikuwa anakunja zile karatasi za plastiki zenye mapovu. Akapasua povu moja kwa kidole gumba.

"Humu nikikosea," akasema, "hakuna anayelia."

Sikuuliza tena. Nilijua anasema nini. Alikuwa anaisema mimba yangu ya kwanza.

Ile mimba alikuwa anaipapasa kila siku ya Mungu. Asubuhi kabla ya chai ananiita, "Njoo hapa nimwone mwenzangu." Nalala kwenye kochi, ananionyesha: mgongo uko huku, kisigino hiki hapa, hapa pametulia ndipo kichwa kilipo. Alinitembeza ndani ya tumbo langu mwenyewe kama mtu anayekuonyesha vyumba vya nyumba yake mpya. Mpaka ikafika asubuhi moja, imebaki kidogo tu nijifungue. Akaweka mikono, akanyamaza. Akaihamisha, akanyamaza tena. Nikautazama uso wake. Ulikuwa umefungwa, tena umefungwa kutoka ndani. Akasema, "Vaa viatu, twende hospitali," na njia nzima hakuniachia mkono. Hospitali walituambia kile ambacho vidole vyake vilikuwa vimeshajua. Alikuwa wa kike.

Hakuna aliyekosea. Daktari alisema hivyo, alirudia mara nyingi, na mimi naamini. Lakini tangu siku hiyo mama mkwe wangu aliikunja mikono yake. Watu walikuwa wamezoea kumletea matumbo yao hata baada ya kustaafu, binti akija na wasiwasi wake anatoka anacheka. Wote akawarudisha mlangoni. "Nendeni kliniki, wana mashine." Na kweli wana mashine, na ni nzuri, hakuna anayebisha. Lakini watu hawakuwa wamefuata mashine. Ukapita muda, nyumba ikiwa kimya, ndipo akaanza kwenda ghalani.

Kisha nikapata mimba tena.

Nilifurahi, na nikaogopa, na sijui kipi kilianza. Mume wangu akalia waziwazi, dubwana lile zima. Mama mkwe akasema, "Alhamdulillahi," akaingia jikoni akawa anaosha masufuria yaliyokuwa safi. Na tangu hapo hakunigusa. Hakunigusa hata kwa ncha ya kidole. Chai ananiwekea mezani anarudi nyuma. Mgongo ukiniuma anamwita mwanawe, "Njoo umsugue mkeo!" na mwanawe akiwa safarini ananiambia nijiegemeze ukutani. Tukikutana kwenye ule ujia wetu mwembamba wa jikoni, yeye ndiye anayejibana, eti nisije nikagongwa. Halafu Jumamosi inafika, namwona amekaa kwenye kreti, amefumba macho, anapapasa feni ya plastiki kwa upole wote ule. Niliionea wivu nailoni, nakwambia. Mimi mtu mzima, na cherehani yangu, na wateja wangu, naionea wivu nailoni.

Na kulikuwa na jambo jingine nililolimeza. Kliniki walikuwa wamenipima, wakasema mtoto mzima, moyo unadunda vizuri, ila amekaa kichwa juu. "Bado ana muda wa kugeuka," akasema muuguzi, "na asipogeuka tunajua la kufanya. Usiwe na wasiwasi." Yule dada alikuwa mpole, sina ubaya naye. Lakini ukimwambia mwanamke aliyewahi kutoka hospitali mikono mitupu asiwe na wasiwasi, umepoteza pumzi yako bure. Mume wangu sikumwambia, yuko barabarani na lori lake, nimpe mawazo ya nini? Na mama mkwe sikumwambia kwa sababu nilitaka ajue mwenyewe. Nilitaka aniite kama zamani, aweke mikono, ajue, aniambie kwa kinywa chake, kama ni heri kama ni shari. Sikuwa na haja nyingine duniani. Kila Jumamosi nilimfuata ghalani nikiwa na haja hiyohiyo, na kila Jumamosi nilirudi nayo.

Sasa Jumamosi moja ghala lilikuwa limefurika. Shehena mpya ilikuwa imeshushwa, watu wamejaa mpaka langoni. Mizani alinipa kiti chake mwenyewe, "Mama kijacho, kaa hapa, na usinibanie mizani." Nikakaa. Mama mkwe alikuwa mbele yangu kwenye kreti lake, na begani pake amesimama Dada Mapazia, kama kawaida. Huyu ni mama mmoja anauza mapazia, hana hila, lakini kupapasa hajui kabisa. Kwa hiyo anamganda mkunga, na katika vyote mkunga anavyovitambua, yeye ananunua nusu.

Mama mkwe akachukua kifurushi kirefu kirefu, laini, kimejaa vizuri. Akakilaza mapajani. Viganja vimeshapata moto. Akafumba macho, vidole vikaanza kutembea.

Vikasimama.

Vikarudi nyuma, vikaanza upya kutoka juu. Nilikuwa karibu, niliona kila kitu. Kiganja chake kilikuwa kimekumbatia kitu cha mviringo, kinaenea humo barabara. Vidole vikateremka: shingo, mgongo, makalio madogo, miguu imekunjwa. Akabonyeza kidogo, akasubiri. Akahamisha mkono, akabonyeza, akasubiri tena. Nikaelewa, na roho ikanipasuka. Alikuwa anasubiri kicheze.

Uso wake ukajifunga kutoka ndani.

Akakiinua kile kifurushi kwa mikono yote miwili, mmoja umeshika chini ya kichwa, akakilaza juu ya rundo taratibu. Akasimama. Akatoka langoni bila mfuko wake.

"Mkunga! Kuna nini humo?" Dada Mapazia akamwita. Basi na yeye, kwa papara zake, akakivamia, akakitupa kwenye mizani, akalipa, akachana hapohapo. Akapiga ukelele uliosimamisha ghala zima. Kilikuwa mwanasesere. Si wale wa plastiki ngumu tuliochezea sisi. Ni hawa wa siku hizi wa mpira laini, wanaotengenezwa kama mtoto mchanga kabisa, kuanzia makunyanzi ya mikono hadi kucha, na macho yamefumbwa. Watu wakaangua kicheko. "Ee, hata mimi ningekimbia!" Mizani mwenyewe akacheka mpaka akaishikilia mizani isianguke. Siwalaumu, hawakujua. Nikaokota mfuko wetu wa mistari, nikatoka mbio, kama kule kujivuta kwa mwanamke mwenye tumbo kama langu unaweza kukuita mbio.

"Mama! Mama, nisubiri!"

Hakugeuka. Nilimwona mbele yangu barabara nzima, kile kitambaa chake cha kichwani kinapita kati ya watu, na kila nilipokaribia yeye akaongeza mwendo. Nilifika nyumbani nahema, nimeshika kiuno, nguo imeniganda mgongoni.

Nikamkuta chumbani kwake, amepiga magoti sakafuni, anavuta vitu kutoka chini ya kitanda na kuvishindilia kwenye gunia. Nikaangalia vizuri. Vilikuwa vifurushi. Nailoni za kijivu, majina yamefutwa, gundi haijaguswa. Na nyumba yetu hii kifurushi hakijawahi kulala bila kufunguliwa! Hata akiwa na homa tunafungua.

"Mama, hivi ni nini?"

"Vya ghalani. Navirudisha."

"Mizani hapokei kitu kilichotoka langoni, unajua."

"Basi nitagawa."

"Mbona havijafunguliwa?"

Akaendelea kushindilia. Gunia likakataa, akalisukuma kwa goti. Mwishowe akaacha, akabaki amelishika mdomo.

"Ni vya mtoto," akasema. "Kila Jumamosi nilikuwa nachomoa kimoja kabla hujaleta mkasi wako. Vidole vinaniambia hii soksi, hii kofia, hii sweta. Nikaviweka. Kufungua sikutaka. Nikifungua nitakuwa nimeamini, na nikiamini, halafu..."

"Na leo?"

"Leo sivitaki humu ndani. Mikono hii ina mkosi, mwanangu. Haistahili kukuwekea hata soksi."

Hapo damu ikanichemka. Watu wa kwetu wananijua, mimi nikikasirika sauti inapanda na machozi yanakuja pamoja nayo, siwezi kuvitenganisha, ni aibu tupu.

"Mkosi? Mkosi ndio nini? Nani alikwambia? Mikono hiyo ndiyo iliyonishika njia nzima! Ndiyo iliyomvisha mwanangu, ikamfunika vizuri, ikanipa nimbebe, wakati wengine wote wanaangalia dirishani. Wewe hukuangalia dirishani. Halafu leo unasimama hapa unaniambia mkosi? Usinitukanie mikono hiyo, Mama! Sitaki!"

Alikuwa hajasimama, alikuwa amepiga magoti, lakini nilishakasirika. Nikanyakua kifurushi kilichokuwa juu ya gunia. "Na hii sweta yako nataka kuiona." Mkasi sina, nikakichana kwa meno.

Ikatoka sweta ndogo nyekundu, ya kufumwa, ina mistari myeupe kifuani. Nzuri, jamani. Laini, inaenea kwenye kiganja. Mama mkwe akaziba mdomo. Mimi nikaikunjua kwenye mwanga wa dirisha kama ninavyokunjua kila nguo, maana hiyo ndiyo kazi yangu, nikaanza kuikagua. Shingo hii hapa. Mkono huu. Mkono huu. Nikaigeuza.

"Mama."

"Nini?"

"Huyu mjukuu wako ana mikono mingapi?"

Akanipokonya. Akaipapasa, akahesabu, akaipapasa tena. Mikono minne. Na kule chini, kwa nyuma, kumeachwa tundu la mviringo limeshonwa kwa ustadi.

"Na hili tundu?" akauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

"La mkia."

Kikaratasi kikaanguka kutoka kwenye nailoni, kina picha. Mbwa mdogo, mweupe, kavaa sweta ileile, kakaa kwenye kochi, ulimi nje, amestarehe.

Sijui nani alianza. Nadhani yeye. Alitoa sauti kama birika linalotaka kuchemka, halafu akapasuka. "Mbwa!" akasema. "Nimemwekea mjukuu wangu nguo ya mbwa!" Nikakaa kitandani, mbavu sina. "Mbwa anavaa sweta, mwanangu? Anaivaaje? Nani anamwambia ainue mkono?" Kila nikitaka kujibu namwona yule mbwa na ulimi wake, nashindwa. Akaegemea kitanda, kitambaa kimemdondoka kichwani, anajipigapiga mapaja. Na katikati ya kucheka nikasikia kicheko kimegeuka. Alikuwa analia. Alikuwa analia kilio ambacho siku ile hakulia, maana siku ile alikuwa na kazi ya kunishika mimi.

Nikateremka kitandani, kwa shida, nikakaa sakafuni ubavuni mwake.

"Nilikuwa na hakika," akasema, anajifuta kwa sweta ya mbwa. "Wallahi nilikuwa na hakika ni ya mtoto."

"Umekosea."

"Nimekosea."

"Na ghalani umekosea. Ulidhani mtu, kumbe mpira."

Akanigeukia. "Uliniona?"

"Nilikuona unasubiri acheze."

Akainamisha kichwa. Nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi, na miaka yote niliyomjua sijawahi kuishika ikiwa ya baridi. Nikaanza kuisugua ndani ya yangu.

"Mama, mimi sitaki mikono isiyokosea. Mashine ipo kliniki, keshokutwa naenda kwa miguu yangu. Mimi nataka hii. Naogopa, Mama. Kila nikiamka naogopa, na wewe unanipita mbali kama nina upele."

"Na kama..." akaanza.

"Na kama ni hivyo, basi tutakuwa wawili. Kama siku ile."

Nikajilaza palepale sakafuni, kichwa juu ya lile gunia la vifurushi, nikapandisha gauni. Tumbo likasimama katikati yetu. Alilitazama kwa muda mrefu. Akavuta pumzi, akapiga moyo konde, akaweka mikono.

Ilikuwa imeshapata moto.

Nikafumba macho nisiuone uso wake. Mikono ikaanzia juu, chini ya mbavu, ikapima, ikatulia. Ikashuka ubavuni, mmoja umeshika, mwingine unatembea. Ikafika chini kabisa, juu ya mfupa, ikazama kidogo, ikasimama. Ikapanda tena juu. Ikarudi chini. Nilikuwa nasikia saa yake ya ukutani ikigonga, na nikasema moyoni, ewe Mola, basi aseme neno moja, lolote lile.

"Kunja magoti," akasema.

Sauti haikuwa ile ya kulia. Ilikuwa sauti ya wodini, na sikuwa nimeisikia tangu siku ile.

"Pumua. Usijikaze, unanizibia njia."

Nikapumua.

"Haya. Kichwa hiki hapa. Chini, kimekaa sawasawa mlangoni."

Nikafumbua macho. "Chini wapi?"

"Chini, mwanangu. Wewe unajua chini ngapi?"

"Kliniki walisema yuko kichwa juu. Walisema asipogeuka..."

Akanikazia macho. "Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na ukakaa nalo peke yako." Akatikisa kichwa, lakini mikono haikutoka. "Basi amegeuka. Na uende hiyo keshokutwa waangalie na mashine, nataka nisikie wanasema nini. Labda amegeuka leo, ulivyokuwa unanikimbiza barabarani kama mwizi wako." (Na kliniki walipoangalia walikuta hivyohivyo, wakafurahi pamoja nami, lakini hiyo ni ya baadaye.) "Mgongo huu, kushoto. Mkono kauweka karibu na uso, mvivu huyu. Na hapa..."

Hapo mtoto akapiga teke. Mimi nililisikia kwa ndani na yeye akalisikia kwa nje, kwa wakati mmoja, katikati ya kiganja chake. Nikaangua kilio, cha nguvu, cha kumwaga, sikujali majirani.

Sakafu ilikuwa ngumu na mgongo umeanza kunilaumu. Nikajifuta uso, nikashusha gauni kidogo, nikataka kujiinua.

"Tulia hapo," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti, maana mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. "Sijamaliza kumsalimia."